Kutoka Bukoba Mpaka Kaburini

Mwanakombo alikuta mlango wa banda la korosho umerudishiwa tu, haukutiwa komeo. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika kijiji kimoja cha kata ya Ziwani, naye ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka ngoma ya unyago wa binti wa shoga yake, sauti imemkauka kwa vigelegele. Alisukuma mlango akijua atamkuta mumewe anachambua korosho. Alimkuta kalala kifudifudi juu ya magunia, kisogo kimepasuka, mpini wa jembe uko pembeni yake.

Wa kwanza kusikia ukelele wake alikuwa Faraji, kibarua wao wa kupulizia dawa mikorosho, aliyekuwa akilala kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Alikuja mbio, akampindua bosi wake kwa mikono miwili, akamwita jina mara nyingi. Shati lake likachafuka damu. Kwa wakubwa wa upelelezi, shati hilo lilitosha. Kichwa hakikuhitajika tena kufanya kazi.

Sajenti Athumani Nampota alifika kwa pikipiki saa mbili kasoro. Bosi wake, Inspekta Godfrey, alifika saa tatu u nusu kwa gari lililofungwa vioo vyote, maana mkubwa hapaswi kuvuta vumbi wanalovuta wanaomlipa mshahara. Alisimama mlangoni mwa banda, hakuingia. Viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi.

"Nani huyu mwenye damu?"

"Faraji, afande. Kibarua wa hapa," alijibu Athumani.

"Kitambulisho?"

"Hana. Ni mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, lakini yuko hapa miaka sita."

"Basi mfunge pingu. Mnataka malaika ashuke awaonyeshe?"

Athumani alimfunga pingu. Miaka ishirini na sita ya kazi ilimfundisha kwamba amri ya kijinga hutekelezwa haraka kuliko ya busara. Alikuwa na elimu ya darasa la saba na cheo ambacho hakikuwa kimesogea tangu enzi wakubwa wake wa sasa walipokuwa wakivaa kaptura za shule. Baada ya Godfrey kurudi garini kwenye ubaridi wake, sajenti aliingia nyumbani kwa marehemu, akaangalia.

Juma Mchopa hakuwa amekufa na njaa. Kwenye mkeka wa barazani palikuwa na sinia moja la ugali wa muhogo, bakuli moja la mchuzi, na miiba ya samaki imekusanywa pande mbili, mkabala. Bakuli la kunawia lilikuwa bado na maji.

"Mama, jana usiku Juma alikula na nani?"

Mwanakombo alikuwa amekaa chini, kanga imemfunika kichwa. "Nilimpikia nikamwachia. Nilijua atakula peke yake."

"Faraji huwa anakula naye?"

"Faraji?" Mama yule aliinua uso. "Faraji anapenda kula kwake kibandani na sahani yake. Mume wangu alishamwita mara mia, hataki. Anasema mikono yake inanuka salfa, atamtia mwenzie kichefuchefu."

Palikuwa na jirani, Mama Zawadi, aliyegombana na Juma juu ya mpaka wa shamba mpaka wakaitana kwa mtendaji. Wanakijiji walishaanza kumtazama kwa pembe ya jicho. Lakini Mama Zawadi alikuwa unyagoni usiku kucha, yeye ndiye aliyeshika ngoma ndogo, na wanawake hamsini walikuwa tayari kuapa kwamba hakuiweka chini hata kwenda haja. Athumani akamfuta kwenye washukiwa. Isitoshe, hakuna mtu anayekula sinia moja na mwanamke aliyemshtaki kwa mtendaji.

Daktari wa mjini alipima maiti kwa haraka, akasema amepigwa mara moja kutoka nyuma, jana yake baina ya saa moja na saa nne usiku. Mchana maiti ikarudishwa. Watu wakaanza kuchimba, kwa kuwa Waislamu hawamweki maiti kama mzigo wa stoo.

Saa saba hivi iliingia teksi kutoka mjini. Akashuka mwanamume mnene wa miaka arobaini na kitu, begi dogo begani, akaanguka chini hata kabla mlango wa gari haujafungwa. Alikuwa Idrisa, mdogo wake marehemu, mfanyabiashara wa kahawa huko Bukoba.

"Kaka yangu! Aliyekuua wewe na aniue na mimi!"

Wanaume walimwinua, wakampa maji. Mwanakombo alilia upya.

"Shemeji, nimekupigia saa moja asubuhi, na sasa hivi upo hapa?"

"Niliikimbilia ndege ya leo, shemeji. Nimeunga Dar, nimetua hapo uwanjani, moja kwa moja kwenu. Sijala wala sijanywa."

"Alhamdulillahi," walisema wazee. "Hizi ndege ni neema. Bukoba na hapa!"

Athumani alikuwa amesimama karibu na jeneza. Kitu kikamchoma kifuani. Akadhani ni wivu.

Maana yeye alikuwa na kisa chake na Bukoba. Miaka minne nyuma alikuwa amehamishiwa huko, mwisho kabisa wa nchi, na mkewe Zainabu alibaki Mtwara akiugua. Simu ya msiba ilimkuta lindoni alfajiri. Mkuu wake wa huko, aliyekuwa anakunywa chai, alimwambia: "Maiti haikimbii, sajenti. Maliza lindo kwanza." Alipomaliza lindo ndege ilishaondoka. Akapanda ya siku iliyofuata, akakaa Dar akisubiri ya Mtwara, na alipofika alikuta kaburi limeshamwagiwa maji na kukauka. Hakumwona Zainabu. Hakushika hata udongo. Na sasa huyu mwenzake, mfanyabiashara, amepigiwa asubuhi na mchana yuko hapa. Labda usafiri umebadilika, alijiambia. Labda wenye nacho wana njia yao ya angani.

Baada ya sala ya adhuhuri walimpeleka Juma makaburini. Walipotakiwa watu watatu wa kuingia kaburini kumpokea, Idrisa alivua viatu kabla ya wote.

"Niacheni. Huyu ni wa kwangu."

Akashuka. Jeneza lilipowekwa ukingoni, Imamu akaanza kuomba, mara kelele za ndege zikapita juu ya mikorosho, ndege ikishuka kuelekea mjini. Imamu akanyamaza mpaka kelele zikaisha. Idrisa naye alibaki amesimama mle shimoni, mikono ameinyoosha juu, akisubiri kupewa kaka yake. Kisha akampokea, akamlaza mwanandani vizuri, akamgeuza kibla, akamwekea udongo chini ya shavu kwa mikono yake mwenyewe. Wanaume wazima walifuta machozi.

Athumani alitazama pembeni.

*

Ijumaa asubuhi, Faraji alikuwa amekaa mahabusu, magoti kifuani.

"Mlikosana na Juma?" Athumani alimwuliza.

"Tulikosana juu ya kitambaa cha kuziba pua. Nilimwambia, baba nkubwa, hii dawa inaniua, ninunulie kitambaa. Akasema wiki ijayo. Ntu anaua kwa kitambaa?"

"Watu wameua kwa kidogo zaidi."

"Hao ni watu wenye akili. Mimi ni njinga tu, nilikwenda kulala." Aliinua uso kutoka magotini. "Sajenti, wameshanzika?"

"Jana mchana."

Faraji aliinamisha kichwa. "Miaka sita nakula kwake. Halafu anazikwa na mimi niko humu na kunguni. Nnungu wangu."

"Siku ile jioni hukusikia mtu akija?"

"Nilisikia bosi anacheka. Nikasema, leo kapata mgeni wake wa kupenda. Maana bosi hachekagi hovyo. Nikalala."

Athumani alipanda ngazi kwenda ofisini kwa Godfrey. Inspekta alikuwa anaandaa jalada la Faraji. Jumatatu angesomewa shtaka la mauaji, na shtaka la mauaji halina dhamana. Mtu wa ng'ambo asiye na ndugu wala wakili angeweza kuozea gerezani mpaka mikorosho mipya izae.

"Afande, aliyekula na Juma ni mtu wake wa karibu. Walikula sinia moja, na walicheka."

"Sajenti, unataka niende mahakamani na miiba ya samaki?"

"Nataka tumwulize ndugu yake alikuwa wapi usiku wa Jumatano."

Godfrey alicheka. Alikuwa na kicheko cha watu waliosomeshwa kwa kodi za wengine, kile kinachotokea puani. "Nilishafikiria hilo. Ndiyo maana mimi niko kwenye kiti hiki na wewe umesimama. Mtu alipokea simu saa moja asubuhi akiwa Bukoba. Saa saba yuko Ziwani. Nikajiuliza, inawezekana?" Akaichukua simu yake kubwa, akaigeuza. "Ona. Umeandika uwanja wa Bukoba, uwanja wa Mtwara, inakupa jibu. Umbali, kilomita elfu moja mia tatu na sitini. Muda wa kuruka, masaa mawili na dakika kumi. Mawili! Huyo angefika hata kama angekunywa supu njiani. Ana ushahidi wa kutokuwepo. Umeelewa?"

Athumani aliitazama ile simu. Palikuwa na ramani ya nchi, na mstari mwekundu mmoja, umenyooka kama rula, kutoka Bukoba juu kushoto mpaka chini kabisa kulia.

"Afande, huu mstari ni wa ndege gani?"

"Wa ndege! Ndege ni ndege."

"Hakuna ndege inayopita hapa. Hii simu imepima kunguru anavyoruka. Ndege ya Bukoba inakwenda Dar, wakati mwingine inapitia Mwanza. Unashuka. Unasubiri. Unapanda nyingine ya kuja huku."

"Wewe ni fundi wa ndege siku hizi?"

"Hapana, afande. Mimi ni mfiwa."

Godfrey hakujua jambo hilo, wala hakuuliza. Alirudisha simu mezani. "Una mpaka kesho jioni. Ukishindwa, uniache nifanye kazi."

Athumani alikwenda uwanja wa ndege wa Mtwara. Alikuwa anajua kwamba akianza kwa maafisa atazungushwa, huyu yuko kikaoni, yule yuko likizo. Basi akaenda kwa Rebeka, mama wa Kisukuma anayeuza chai na chapati nje ya geti, anayeishi kwa kujua abiria wanatoka lini.

"Dada Rebeka, jana Alhamisi, ndege zilitua ngapi?"

"Ngapi tena? Moja! Siku hizi wametukata ya asubuhi, wanasema abiria hakuna. Chapati zangu zinalala."

"Ilitua saa ngapi?"

"Ilichelewa, kama kawaida yao. Ilikuwa imeshapita saa nane mchana. Nakumbuka kwa sababu dereva teksi mmoja alinimalizia chai yote akisubiri, anatukana tu."

"Una hakika haikutua nyingine kabla ya hapo?"

"Sajenti, ndege si sindano. Ikitua hapa mji mzima unasikia."

Athumani alisimama kama aliyemwagiwa maji. Mji mzima unasikia. Alikumbuka Imamu akinyamaza. Alikumbuka mtu amesimama shimoni, mikono juu. Kumbe kile kilichomchoma kifuani siku ile hakikuwa wivu peke yake.

*

Jumamosi ilikuwa hitima ya Juma. Mikeka ilitandazwa uani, watu walisoma, wakala pilau. Athumani alisubiri mpaka watu waliponawa mikono, kwa heshima ya aliyekufa. Inspekta Godfrey alikuwa amekuja, amepewa kiti cha plastiki peke yake katikati ya watu waliokaa chini, anachezea simu.

"Ndugu Idrisa," alisema sajenti, akajikunja kukaa mkekani mbele yake. "Nisaidie kitu. Mimi pia nimeishi Bukoba. Siku ya msiba ulipitia wapi?"

"Dar, nilishasema." Idrisa alikuwa mtulivu.

"Uliondoka na ndege ya saa ngapi?"

"Ya asubuhi. Shemeji aliponipigia nilikimbia uwanjani, nikaiwahi."

"Hongera. Mimi sikuiwahi. Na Dar ulisubiri sana?"

"Kidogo tu."

"Na ile ya kuja Mtwara ilitua saa ngapi?"

Idrisa alitazama huku na huku. "Kama saa sita na nusu. Ndiyo nikachukua teksi."

"Vizuri." Athumani alimgeukia Imamu. "Ustadhi, siku ya mazishi ulikatiza dua. Kwa nini?"

"Ndege ilipita," alisema Imamu. "Kelele nyingi. Nilisubiri."

"Idrisa alikuwa wapi ndege ilipopita?"

"Alikuwa..." Imamu aliacha sentensi hewani. Akamtazama Idrisa. Watu wengine nao wakamtazama, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akikumbuka mikono ile miwili iliyoinuka kutoka ardhini. "Alikuwa ndani ya kaburi."

"Siku ile ilitua ndege moja tu," alisema Athumani. "Ndiyo ile. Sasa, ndugu Idrisa, wewe ulitua na ipi? Maana ya kwako ilikuwa bado iko angani, na wewe ulikuwa umesimama chini yake, unamsubiri kaka yako."

"Nilichanganyikiwa. Labda nilikuja na basi..."

"Umepigiwa Bukoba saa moja, ukaja na basi, saa saba ukafika? Hata afande hapa, ambaye simu yake inaruka kama kunguru, hawezi kukubali hilo."

Godfrey aliweka simu mfukoni.

Mwanakombo alisimama, ushungi umemwanguka mabegani. "Shemeji, ulikuwa wapi nilipokupigia?"

Idrisa alianza kuchomoa ukindu wa mkeka.

"Nakuuliza, Idrisa! Nilikuambia kaka yako kafa, ukaniambia 'natoka sasa hivi.' Ulikuwa unatoka wapi?"

"Mjini," alisema Idrisa, kwa sauti ndogo sana kwa mwili ule. "Nyumba ya wageni. Nilikuwa nimefika tangu Jumanne."

Kisha ikatoka yote, bila kusukumwa, kama gunia lililopasuka upande. Alikuwa ameshamkubalia mwekezaji shamba la baba yao; ameshasema ni lake, ameshamwonyesha mipaka. Jumatano jioni alikuja kumwomba Juma aweke dole gumba kwenye karatasi za mauzo. Juma alifurahi kumwona. Alimtengea chakula, wakala, wakacheka habari za utotoni. Ndipo akamwambia shida yake. Juma akacheka tena, akasema baba yetu amelala pale chini ya ile mikorosho, tutamwambia ahame? Akainuka kwenda bandani kumwonyesha korosho za mwaka huu, akampa kisogo.

"Alinicheka," alisema Idrisa. "Alicheka kama mimi ni mtoto."

"Na mpini wa jembe ulikuwa umeegeshwa mlangoni," alisema Athumani.

"Ulikuwa mlangoni."

Godfrey alisimama na kujikohoza, sasa kesi ilikuwa ya kwake. "Lakini wewe bwana ni mjinga kweli! Ungekaa huko gesti mpaka Ijumaa, ukatokea, ukasema umetoka Bukoba. Nani angekugusa? Mimi mwenyewe ningekupa pole!"

Idrisa alimtazama kwa mshangao, kama anayesikia lugha ya wageni. "Ijumaa? Wangekuwa wameshamzika."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ningemwacha azikwe na watu baki? Mimi ndiye ndugu yake pekee. Nani angeshuka kumpokea?"

Athumani alimtazama mtu yule na kumdharau kwa moyo wote, dharau kavu isiyo na hasira. Alikuwa ameweza kumvunja kaka yake kichwa na bado akaona haya kukosa mazishi. Na kilichomwuma zaidi sajenti ni kwamba mwuaji huyu alipata kile ambacho yeye, asiye na kosa, alinyimwa na mtu aliyekuwa anakunywa chai.

Alimfunga pingu. Walipofika garini, Idrisa alisimama.

"Sajenti, kaburi ni hapo tu. Niruhusu nikammwagie kaka maji, niombe msamaha. Dakika moja."

Athumani alifungua mdomo. Maneno yalikuwa yamekaa mle miaka minne, yakimsubiri mtu wa kustahili.

"Maiti haikimbii, bwana. Panda gari."

Jioni hiyo, kituoni, Godfrey alikuwa anawaeleza waandishi wa habari jinsi ofisi yake ilivyotumia teknolojia kubaini uongo wa mtuhumiwa. Faraji alitolewa mlango wa nyuma, bila kuombwa radhi, shati lake lenye damu kavu likiwa limefungwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Nenda nyumbani," askari wa zamu alimwambia.

Faraji hakuondoka. Alisimama pale ukutani, mbele ya Athumani na pikipiki yake, anazungusha mfuko mikononi. "Sajenti, wamenzika wapi? Upande wa baba yake au upande wa barabara?"

"Upande wa baba yake."

"Basi nitakwenda kwa mguu. Nitafika alfajiri."

Ndani, Godfrey aliita: "Nampota! Njoo hapa usimame kwenye picha!"

Athumani alivaa kofia yake ngumu ya pikipiki, akampa Faraji ile ya akiba. Sauti ya afande iliita tena. Sajenti akapiga kiki, injini ikawaka, wakaondoka kuelekea Ziwani, na safari hii hakuomba ruhusa kwa mtu.